Kuoshwa kwa Njia ya Mtukufu

Kuna nchi ambayo jina lake halitajwi hapa, si kwa woga hata kidogo, bali kwa sababu jina hilo lilipelekwa kwenye kamati ili lifupishwe, na kamati haijarudi kutoka safarini. Ni nchi nzuri. Ina mito mikubwa inayopita mbali na watu. Ina Wizara ya Maji, na pembeni yake ina Wizara ya Kueleza Kwa Nini Hakuna Maji, ambayo ndiyo yenye jengo refu zaidi. Wananchi wake ni wapole kiasi kwamba mtu akikanyagwa, hutazama kwanza kiatu kilichomkanyaga asije akawa amekichafua.

Katika nchi hiyo mgeni wa heshima hutandikiwa khanga. Desturi yenyewe ni ya zamani na haina ubaya. Wanawake walivua khanga zao za juu, wakazitandaza chini, mgeni akapita. Kisha kila mmoja akaokota yake, akaikung'uta, akajitanda, akarudi nyumbani kupika. Ndivyo walivyofanya mabibi, na hakuna aliyeumwa. Lakini siku Mtukufu, Kiongozi Mkuu wa nchi hiyo, alipoingia Kasrini kwa mara ya kwanza, na gari lake likapita juu ya khanga kutoka getini hadi kwenye ngazi za baraza, Waziri wa Heshima na Mapokezi, Mheshimiwa Kitojo, aliona jambo ambalo mabibi hawakuliona. Aliona wanawake wakiinama kuokota. Akashika kipaza sauti, akauliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa, inakuwaje mwananchi ampe kiongozi heshima halafu amnyang'anye kabla hata injini haijapoa. Amri ikatoka: khanga iliyokanyagwa na tairi la Mtukufu ni mali ya taifa, na itabaki palepale ilipokanyagwa.

Ikabaki. Na Mtukufu alikuwa mtu wa safari. Alikwenda ng'ambo kutibiwa jino, akarudi. Alikwenda kutibiwa jino la jirani yake, akarudi. Kila aliporudi zilitandazwa khanga mpya juu ya zile za zamani. Mvua zikanyesha. Mbuzi wa sherehe wakachinjwa kando ya njia, damu ikatiririkia humo. Pilau ya wapambe ikamwagika, waimba sifa wakatema mate kati ya ubeti na ubeti, magari ya msafara yakadondosha oili, na kuku waliokuja kudonoa wali wakanasa miguu, wakafia papo hapo wakiwa wamesimama. Miaka ikapita. Njia ya Kasri ikageuka gamba jeusi, nene kuliko godoro, lenye majimaji hata wakati wa kiangazi. Ukilitazama kwa utulivu uliliona linatembea, maana funza wake walikuwa wengi kuliko askari wa getini, na walionekana kupenda kazi zaidi.

Harufu ilifika sokoni. Gazeti la serikali likaeleza kuwa hiyo ni harufu ya upendo wa wananchi, na likashauri upendo huo uvutwe kwa mdomo.

*

Neno uchafu halikutamkwa na mtu yeyote mpaka rais wa nchi jirani alipokuja kutembea. Mgeni alishuka garini, akaweka mguu wa kwanza chini, na mguu ukazama hadi kwenye kifundo. Alipouvuta, ulitoka na soksi peke yake. Kiatu kilibaki, kikafunikwa taratibu. Viongozi wakabaki wametoa macho, mpaka Mheshimiwa Kitojo alipoinama akavua kiatu chake cha kushoto. Mawaziri wote wakavua vyao. Dhifa ya taifa ikaliwa na watu wenye kiatu kimoja kimoja, na Spika wa Bunge akasimama kusifia jinsi utamaduni huo unavyopumzisha vidole.

Mgeni hakula. Alikaa ameziba pua kwa leso, akaondoka kabla ya ngoma.

Mtukufu alitoka nje. Alisimama barazani akanusa mara moja tu, kwa urefu, na Baraza la Mawaziri likaelewa.

Shida ilikuwa sheria. Khanga za heshima haziondolewi. Anayeziondoa amemwondoa Mtukufu mwenyewe, na watu waliowahi kushukiwa kumwondoa Mtukufu hawakupata nafasi ya kueleza walivyojisikia. Mawaziri walikuna vichwa mpaka Kitojo akagundua kwamba sheria inakataza kuondoa, lakini haikatazi kuosha. Heshima inaweza kuoshwa. Ikioshwa vizuri, ikaamua kwenda zake, hayo ni mapenzi yake yenyewe. Wenzake walimpigia makofi, na wizara yake ikaagizwa itafute mashine ya presha, ile wanayoitumia waosha magari: injini, pampu, mpira mrefu wa maji, na mwishoni lile bomba la kushika mkononi ambalo vijana wa kazi hiyo huliita bunduki, kwa kuwa lina kifyatulio na linauma.

Ikaundwa kamati ya kuchagua mashine. Kwenye kiti cha mwisho cha kamati hiyo, karibu na mlango, alikaa Mwajabu, afisa ununuzi wa daraja la chini kabisa ambalo bado hupewa kiti. Mwajabu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na diploma, alikuwa na ulimi mkali aliouacha nyumbani kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na alikuwa na mdogo wake mmoja, Sikitu. Mwajabu ndiye aliyemlea. Mama yao alimzaa Sikitu katika wodi isiyokuwa na tone la maji, akashikwa na mikono isiyooshwa, akapata homa, na hakurudi nyumbani. Sasa Sikitu naye alikuwa mjamzito wa miezi tisa, miguu imevimba, na Mwajabu alikuwa amejiapia jambo moja tu maishani: huyu atazalia mahali penye maji.

Mahali hapo palikuwepo. Hospitali ya Kina Mama, iliyopakana ukuta kwa ukuta na Kasri, ilichimbiwa kisima na wafadhili, na tanki lake juu ya mnara ndilo lililokuwa tanki pekee mjini lenye kitu ndani zaidi ya popo.

*

Kamati ilianza kwa kumsikiliza mjumbe mmoja aliyesema kwamba pale njia panda, hatua chache kutoka getini, vijana waosha magari wanayo mashine nzuri na wangeweza kuikodisha hata leo. Mjumbe huyo aliombwa atoke nje apumzike. Bado anapumzika.

Kisha wakajadili kama iwe mashine ya umeme au ya petroli. Mtetezi wa umeme alikuwa katikati ya hoja yake, akieleza kwamba haina moshi wala kelele, umeme ulipokatika na feni ikasimama. Wajumbe walimtazama kwa huruma. Ikapita ya petroli.

Ikaja hoja ya ukubwa. Muuzaji aliweka mezani picha za mashine zake. Kulikuwa na ndogo, ya kuoshea ua wa nyumba. Mheshimiwa Kitojo akaigeuza ile picha kifudifudi, akataka kujua kama muuzaji anadhani Mtukufu anaishi kwenye ua. Kulikuwa na ya kati, ambayo muuzaji alisema ndiyo hasa inayofaa njia za magari. Ikakataliwa kwa kuwa ya kati ni ya watu wasio na msimamo. Ikabaki kubwa kuliko zote, iliyotengenezwa kwa ajili ya kukwangua kutu na makoa ya baharini kwenye matumbo ya meli, katika nchi ambayo haina meli. Hapo hata muuzaji, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuzuia mauzo, alikohoa. Akasema ile inakunywa maji vibaya sana. Kitojo akamuuliza taratibu kama anamaanisha kwamba nchi hii haina maji. Muuzaji akajibu kwamba hamaanishi kitu chochote, na kwamba katika ukoo wao hakuna mtu aliyewahi kumaanisha kitu.

Zikabaki ncha za kuchomeka mbele ya bunduki, nazo huja kwa rangi. Kila ncha ilikuwa na picha yake. Ya kijani ilichorwa mtu anayetabasamu akiosha njia ya gari, maji yametanuka mbele yake kwa upana wa feni. Nyeupe, mtu akiosha kioo. Njano, mtu akiosha ukuta. Nyekundu haikuchorwa mtu mzima. Ilichorwa mguu, tundu katikati ya mguu, na tone la damu. Hata mtoto wa chekechea angechagua akaenda kucheza. Lakini kamati haikuwa na watoto, ikakaa kuanzia asubuhi ikisikiliza hotuba ya Mheshimiwa juu ya nafasi ya rangi katika ukombozi, na saa sita ilipokaribia walikuwa wamefika kwenye rangi ya udongo.

Mwajabu aliitazama saa ya ukutani. Kliniki ilikuwa inafungwa saa sita. Sikitu alikuwa amekaa nje ya wizara, juu ya tofali, akimsubiri dada yake ampeleke. Na kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha serikali ya nchi ile anajua kwamba kikao hakiishi mpaka mtu asifie kitu. Mwajabu akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa," alisema, "nyekundu ndiyo rangi ya chama."

Kitojo akavua miwani, akafuta macho kwa ncha ya tai. Akasema miaka yote hiyo amekuwa akisubiri kijana wa kusema neno hilo. Ncha za kijani, nyeupe na njano ziliitwa vibaraka, zikatolewa nje na polisi wawili, zikachomwa moto nyuma ya choo cha wizara. Mwajabu akateuliwa papo hapo kuwa Mwoshaji Mkuu wa Taifa, cheo ambacho hakikuwepo dakika moja kabla, akapewa ovaroli jekundu. Alilipokea akiwa anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Wamekuchelewesha nini?" Sikitu aliuliza, akinyanyuka kwa kujishika kiuno.

"Rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya kutolea maji."

Sikitu alicheka mpaka akalishika tumbo. Akasema dada, mshahara mnaopewa ninyi ni wa kuwatunza msizurure mitaani. Mwajabu naye akacheka. Waliikuta kliniki iko wazi, na kwa siku ile Mwajabu aliona ametumia akili.

*

Siku ya kuosha, Sikitu alishikwa na uchungu alfajiri. Mwajabu alimfikisha Hospitali ya Kina Mama, akamkabidhi kwa mkunga Nasra, mwanamke mkavu wa maneno ambaye kitu cha kwanza alichowaonyesha kilikuwa bomba. Alilifungua, maji yakatoka, akalifunga. Mwajabu alisikia mabega yake yakishuka. Akavaa ovaroli lake jekundu, akazunguka ukuta, akaingia Kasrini.

Huko mambo yalikuwa tayari. Kando ya njia, chini ya maturubai, yalipangwa masofa ya viongozi, yakitazama gamba kwa karibu ili pasiwe na mtu wa kudai baadaye kwamba hakuona. Mashine ilivishwa utepe. Ilikuwa imeshabarikiwa, imeshapigiwa mizinga, imeshapewa cheo cha kijeshi. Kitu kimoja tu hakikuwa kimefikiriwa na mtu yeyote mpaka jana yake jioni, nacho ni maji. Mabomba ya mji yalikuwa yanatoa upepo. Bwawa la Mtukufu lilikuwa limejaa, lakini hayo ni maji yaliyomgusa Mtukufu, na maji yaliyomgusa Mtukufu hayawezi kutumwa kazi.

Simu ya Mwajabu ililia mfukoni mwa ovaroli.

"Dada," Sikitu alisema, akihema, "kuna wanaume juu ya tanki letu. Wamefunga mpira. Mkunga anawatukana, wao wanacheka."

"Mpira wa namna gani?"

"Mnene. Wa bluu. Umepita juu ya ukuta."

Mwajabu aliinamisha kichwa. Mpira mnene wa bluu ulikuwa umelala kati ya viatu vyake, na mwisho wake mmoja ulikuwa umeshafungwa kwenye mashine.

Alimwendea Mheshimiwa Kitojo, akamwamkia, akaitikiwa. Akaeleza kwa adabu yote kwamba wodi ina wazazi, na kwamba mmoja wao ni mdogo wake. Kitojo alimsikiliza huku akirekebishwa kola na msaidizi.

"Mwoshaji Mkuu," alisema, "mama zetu walizaa porini, bila bomba, na ndio waliotuzaa sisi."

"Wangu alizaa bila maji, Mheshimiwa. Alikufa."

"Unaona? Na nchi haikusimama." Akamgonga begani kwa upendo. "Mtoto atakayezaliwa leo ana bahati. Atakuja kusimulia kwamba maji yake ndiyo yaliyoosha njia ya Mtukufu."

Hapo Mwajabu angeweza kuvua lile ovaroli. Wapo watakaosema wao wangelivua, na wote wanasema hivyo wakiwa wamekaa. Yeye alifikiria mshahara unaolisha nyumba nzima, akafikiria askari walioko getini, akajidanganya kwa namna ambayo kila mtumishi wa nchi ile anaijua: aoshe haraka, amalize haraka, tanki libaki na kitu. Akaishika bunduki.

*

Mtukufu alitoka barazani akaketi. Bendi ikapiga. Kitojo akasoma hotuba ambayo ndani yake mashine iliitwa nyundo, ngao, taa na mkunga wa enzi mpya. Mwajabu akavuta kamba ya injini, ikanguruma, akaielekeza ncha nyekundu chini, akabonyeza.

Maji hayakuosha. Maji yalichimba. Yalitoka yamejikusanya kwenye uzi mmoja mweupe, yakaingia ndani ya gamba kwa mlio wa nguo inayochanwa, na gamba, ambalo lilikuwa limejifungia uozo wake kwa miaka, likapasuka. Yaliyotoka yaliruka juu, yakageuka hewani bila haraka, yakashuka kwenye masofa. Vilishuka vipande vya khanga vyenye ute, vikashuka vichwa vya kuku. Wali wa sherehe zilizosahaulika ulishuka umevimba na umeota nywele. Funza walinyesha. Soli ya kiatu cha mgeni ilimpata Spika kifuani, ikanata.

Hakuna aliyejifuta. Ndiyo, hakuna. Kile kilichowapata kilikuwa heshima ya Mtukufu, na hakuna aliye tayari kuonekana akijifuta heshima ya Mtukufu mbele ya Mtukufu. Walikaa wima wakitazama mbele. Mke wa Waziri wa Utamaduni alikuwa na kitu kirefu kikimteremka shavuni, naye akatabasamu ili kukipisha. Kitojo, aliyekuwa bado hajamaliza hotuba, alipigwa mdomoni katikati ya neno uzalendo. Akasita. Akameza. Akaendelea.

Mwajabu hakuacha. Alisogeza bunduki mbele na nyuma, meno ameyauma, akihesabu moyoni si hatua bali madumu ya maji. Gamba likazidi kubanduka. Mto mweusi ukaelekea getini, na watu waliokuwa nje wakiimba wakainua miguu bila kuacha kuimba. Hatimaye uzi mweupe ukagusa chini. Akasubiri kusikia mlio wa maji juu ya zege. Hakuusikia. Akaona udongo.

Akajaribu upande wa pili. Udongo. Akasogea mpaka kwenye ngazi. Udongo mwekundu, mzuri, wa kupanda mihogo.

Njia ile ilikuwa imejengwa kwa zege katika hotuba tatu za bajeti. Ilikuwa imekarabatiwa. Ilikuwa imezinduliwa na Kitojo mwenyewe kwa mkasi wa dhahabu, na kwa kuwa ilizinduliwa ikiwa imeshafunikwa khanga, hakuna aliyeona sababu ya kufunua. Sasa bendi ilinyamaza, ala moja baada ya nyingine. Mtukufu akasema maneno yake ya kwanza ya mwaka ule.

"Njia iko wapi?"

Waliokuwa karibu na Kitojo wakasogeza masofa yao kidogo.

"Imeoshwa, Mtukufu," alisema Kitojo.

"Imeoshwa?"

"Mashine ni kali mno, Mtukufu. Imeosha uchafu, ikaosha na njia."

Mtukufu aliutazama udongo. Kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kupiga makofi, na makofi yakaenea chini ya maturubai, yakirusha matone. Lakini Kitojo alikuwa mtu wa kutaka kujihakikishia. Alimgeukia Mwajabu, akamwambia kwa sauti ya chini aendelee kuchimba, ikiwa kuna zege lolote popote, hata la wakoloni, lipatikane leo. Mwajabu akabonyeza. Shimo likashuka. Likawa mfereji, mfereji ukajaa tope na uozo uliokuwa unarudi ndani kutoka pande zote mbili.

Simu ikalia tena. Safari hii alikuwa Nasra.

"Bomba linakohoa," mkunga alisema. "Kichwa cha mtoto kinaonekana. Na mimi mikononi nina damu ya mwenzake wa kitanda cha pili. Niambie, nimshike mdogo wako na nini?"

Mwajabu akaizima mashine.

Akaiweka bunduki chini, polepole, jinsi mtu anavyoweka chini mzigo wa mwenzake.

"Nani kakwambia uzime?" Kitojo aliuliza.

"Maji yamekwisha, Mheshimiwa."

"Yapo hospitalini."

"Ndiyo. Yatabaki hukohuko."

Akatoka kwa mlango mdogo wa upande, akiufuata mpira wa bluu, akivua ovaroli huku anatembea. Kitojo alipiga hatua ya kumfuata, na hatua hiyo ikaangukia pale ambapo kwa miaka mingi palihesabiwa kuwa njia. Akazama mpaka kidevuni. Akatapatapa, akazama tena, mara hii na kofia. Askari walisimama wakimwangalia, kwa kuwa hawakuwa wameagizwa kumwona. Mawaziri waliendelea kupiga makofi, maana Mtukufu hakuwa ameacha. Alipojivuta ukingoni na kusimama kwa miguu yake, hakuna aliyejua kwa hakika ni nini kilichosimama, ingawa kilikuwa na tai.

Baadaye gazeti la serikali liliandika kwamba zoezi limefanikiwa kwa asilimia mia moja na kwamba juu ya njia ya Kasri hakuna tena hata chembe ya uchafu, jambo ambalo ni kweli. Magari ya msafara yameshindwa kuvuka mfereji, kwa hiyo Mtukufu hajatoka Kasrini tangu siku hiyo. Wananchi wanasema hawajaona tofauti.

*

Kitojo akiwa bado anatapatapa, upande wa pili wa ukuta Mwajabu alifunga koki ya mpira, akafungua ya wodi, akaweka sikio kwenye bomba la chuma na kusikia maji yakishuka. Hayakuwa mengi. Akakimbia ndani.

Nasra alikuwa ameshasimama mbele ya sinki, mikono ameinyoosha, anasubiri. Bomba likakohoa, likatema kutu, likatoa. Mkunga akanawa haraka na kwa ukali, akarudi kitandani. Bila kugeuka alimwambia Mwajabu anawe mpaka kwenye viwiko, kwa sababu msaidizi wake wa zamu ameitwa Kasrini kwenda kupiga makofi, na mtu wa kumpokea mtoto atakuwa yeye. Mwajabu akanawa. Alinawa kwa sabuni ya kipande, kidole kwa kidole, mpaka kile cheusi cha Kasri kikatoka hata chini ya kucha. Sikitu alimwona kwa pembe ya jicho, akasema kwa pumzi iliyobaki kwamba dada ananuka, na akasukuma.

Mlango wa wodi ukagongwa.

Hawakufungua. Ukafunguka wenyewe, na harufu ikaingia kabla ya mtu. Akina mama vitandani wakajifunika nyuso. Mlangoni alisimama kiumbe mweusi anayechuruzika, funza wakitembea kwenye kola, utepe wa khanga ukining'inia sikioni. Alisema anataka maji, sasa hivi, yote yaliyopo. Alisema yeye ni Waziri wa Heshima na Mapokezi.

"Na mimi ni malkia," alisema Nasra, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. "Nani kamruhusu huyo aingie kwa wazazi?"

"Mwajabu," yule kiumbe alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu. "Wewe ulikuwepo. Mwambie mimi ni nani."

Nasra akauliza kama ni ndugu yao. Mwajabu, mikono ameinua mbele ya kifua ili isiguse kitu, akasogea mpaka mlangoni akamtazama. Alimtazama vizuri. Aliyaona macho aliyoyaogopa kwenye vikao, na akaona midomo ikijiandaa kutoa amri, na kwenye pembe ya midomo hiyo punje ya wali yenye nywele. Nyuma yake Sikitu alitoa mlio mrefu, na Nasra akasema njoo, njoo, anakuja huyu.

"Unamjua?" mkunga aliuliza.

"Simjui, sista. Labda ametoka kwenye chemba ya maji machafu." Kisha, kwa kuwa alilelewa vizuri, akamwambia yule mzee kwa adabu akakae nje juani, akikauka yatabanduka yenyewe.

Akaufunga mlango kwa mgongo, maana mikono yake ilikuwa imeshaoshwa.